Ringi ya Isuzu

Miaka kumi na minane nimeigonga,
ringi ya Isuzu, kwa kipande cha nondo,
kati ya kanisa na darasa la nne, hapa Segerea.
Saa moja na nusu, ibada.
Saa nne, uji.
Saa nane, nyumbani.
Akina mama wa mtaani huinjika wali kwa mlio wangu,
nami nilijisifu.

Kisha akaja Lwitiko.
Miaka saba, soksi kazivaa nje ndani
kwa kuwa mshono humkera.
Nikigonga mara ya kwanza, anaangua kilio.
Ya pili, yuko chini ya dawati.
Ya tatu, amejiuma mkono.
Nilisema nyumbani: huyu kadekezwa.
Nikalisema hata kwa mchungaji.
Hilo ni langu, nitalijibu.

Mwalimu Tulinagwe hakunilaumu.
Aliniomba nusu saa tu, darasani kwake.
Nikaketi kwenye kiti cha chekechea, magoti kidevuni.
Lwitiko alikuwa anapanga vifuniko vya soda:
chekundu, chekundu, kijani, chekundu.
Huko nyuma kikombe cha bati kikaanguka
nikamwona jinsi anavyoipokea sauti,
vile vile nilivyoyapokea mimi, utotoni,
maji ya moto yaliyoniachia kovu hili.

Kamati ilikaa.
Mzee wa kanisa mmoja akahoji:
shule gani isiyo na kengele? Watoto wataitwaje kusali?
Mwingine akauliza gharama.
Gharama ilikuwa mti wa fagio
na kitenge cha rangi ya chungwa
kilichobaki waliposhona sare za kwaya.

Basi sasa natembea, mimi na goti langu bovu,
mlango kwa mlango, bendera juu.
Wiki ya kwanza walinicheka. Uji ulipoa.
Darasa la sita wakajifanya hawajaniona,
wakaongezewa hesabu.

Ila kuna hili, ndilo linaloninyima usingizi.
Yuko binti wa darasa la tano, Kokushubila,
mchelewaji wangu wa kila siku.
Huinamia daftari lake, akiinua macho
wenzake wameshaondoka.
Miaka minne nimemwandika jina,
miaka minne nimemsimamisha juani
nikimfokea, naye ananitazama mdomo,
mdomo tu,
nami nikidhani ni kiburi.

Siku ya kwanza ya bendera
Koku alikuwa wa kwanza kutoka.
Mbio, sketi kaishika mkononi,
akafika mlangoni kwa kanisa, akageuka
kutazama wenzake wako wapi.

Walimpima Muhimbili mwezi uliofuata.
Sikio la kulia, hakuna kitu.
La kushoto, kidogo sana.
Hakuna aliyeniuliza chochote.
Daftari la wachelewaji bado ninalo:
jina lake limo mara mia mbili na sita,
mwandiko wangu, wino wa bluu.

Ringi ingali inaning'inia. Imeanza kutu.
Jana nimemkuta Lwitiko chini yake,
kiganja kakibandika kwenye chuma,
ananitazama.
Nilikuwa na ile nondo, siku hizi napalilia maua nayo.
Nikainama, goti likalalamika,
nikailaza majanini
polepole,
isilie.