Cheti cha Kitete

Daktari kaandika kwa wino wa bluu:
tembea nusu saa kila siku.
Dona, mlenda, mboga za majani.
Punguza sukari. Punguza kukaa.
Nikakikunja cheti, nikapanda bodaboda
kurudi Cheyo, dukani,
kwenye kiti kilichokwisha kunijua makalio.

Nusu saa!
Mgalula, aliyemzaa babu wa mama yangu,
alitembea miezi mitatu hadi pwani,
frasila mbili za pembe begani,
akarudi na jora la kaniki
na nundu ngumu kama goti.
Watoto walilala wakiichezea.
Hakuandikiwa na mtu.
Alipimiwa kibaba cha mtama kwa siku,
na siku nyingine hakupimiwa.

Bibi yangu ni Nyanzala,
jina la aliyezaliwa njaa ikiwa ndani.
Jiwe lake la kusagia liko Ipole hadi leo,
limebonyea katikati kama kiganja cha mwombaji.
Kila uwele uliposagika
na jiwe lilisagika kidogo,
vyote akavila.
Mchanga ukayapunguza meno, mwaka kwa mwaka;
kwenye arobaini alishatafunia fizi.
Lakini mgongo wake!
Ana sabini, anapiga matuta ya viazi
tangu umande hadi jua la utosi,
kisha anainuka
bila kushika kiuno.
Utamu aliujua mara mbili kwa mwaka,
mume akitoka porini na asali,
macho yamevimba kwa nyuki.

Usiniambie tu kwamba zamani walikuwa na afya.
Alizaa tisa.
Nimewaita mjomba na mama wakubwa: wanne, na mama yangu ndani.
Matobolwa yaliisha kabla ya masika,
na jembe halikujua kama aliyelishika
amekula.

Jioni nimefunga duka, nikatembea.
Jirani Msonde akasimamisha baiskeli:
"Kuna msiba?"
Hapana, nikasema, ni dawa.
Akacheka, mimi nikihema.
Nilijipapasa bega: laini,
kama mkate wa jana.

Sokoni mama mmoja ana nsansa kwenye ungo,
kavu, nyeusi, zile zile
tulizozificha mgeni akija.
Fungu elfu mbili.
Nikashtuka. Kwa nini?
"Siku hizi," akasema, akilikunjua gazeti la kufungia,
"wanazinunua wagonjwa."