Mizani

Kazi yangu kule Gongoni ni kupima chumvi.
Lori hupanda juu ya chuma, chuma hulia,
nami naandika: tani ishirini na nane, kilo mia nne.
Miaka sita sijakosea hata kilo.

Usiku, saa tisa, Muyeye,
ninapima kitu kingine.
Chupa imefika mstari wa pili:
mililita thelathini.
Nasoma tena, kama karani asiyeamini macho yake,
naielekeza kwenye taa ya simu.
Thelathini.

Zimebaki siku kumi na mbili za likizo.
Nyevu hunywa mia, mia na ishirini, kila anapoamka,
nami nitakuwa nje tangu alfajiri hadi saa kumi na moja.
Piga hesabu mwenyewe.
Mimi nimeshapiga, nyuma ya kadi ya kliniki,
mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

“Usiikodolee macho chupa,” nesi Kache aliniambia.
“Titi si tangi, ni kisima.
Tangi ukiliteka hupungua.
Kisima ukikiacha ndipo hukauka.”
Basi nateka.
Nateka kwa pampu ya mkono, ya plastiki,
iliayo kama bawaba ya mlango wa choo cha jirani.
Mama mkwe hunipikia uji wa mtama, hutia uwatu
hadi jasho langu likanuka bizari.
Hunipa mchicha wa nazi, na supu ya pweza
ambayo mume wangu anadai ilikuwa yake.

Shuleni mwalimu Mramba alitufunza mizani nyingine,
ile ya kuhesabu kwa vidole: nane, nane, nane.
Pampu nayo ina nane zake. Nikibana, natunga:

    Tiririka tiririka,
    chupani yakusanyika,
    Nyevu atapoamka
    ayakute yamejaa.

Kisha kichwa kinaanguka, kina kinapotea.
Ubeti wa pili haujawahi kuzaliwa.

Pakiti nazipeleka kwa Mwanahamisi kabla hajaanza kuuza.
Friza yake ni ya barafu za ukwaju, shilingi kumi kumi.
Zangu zinalala pembeni, zimeandikwa tarehe,
na watoto wa madrasa wameonywa: nyeupe si za kuuzwa.
Hakuniuliza pesa ya stima.
Aliniuliza jina la mtoto tu.

Zilipobaki siku nane, stima ikapotea.
Mchana kutwa. Magharibi. Isha.
Pakiti kumi na saba, na nilizijua moja moja:
hii ya usiku wa homa,
hii niliyoikamua nikilia,
hii ya kushoto, huku yeye ananyonya kulia na kunipiga teke.
Nilikaa sakafuni kando ya friza kama mtu aliye msibani.

Mwanahamisi hakukaa. Alishika mchi.
Akaziponda barafu zake zote, mtaji wa wiki nzima,
beseni likajaa kahawia.
“Lete ile chumvi yako ya mawe,” akasema.
“Kwani wauza samaki hufanyaje?”

Nikakimbia kulitoa gunia nyuma ya mlango.
Barafu, chumvi, maziwa, barafu tena, chumvi tena,
na blanketi juu.
Ilikuwa chumvi ya kwanza maishani mwangu
kuimwaga bila kuipima.

Saa nane usiku friza ikakoroma.
Tukafunua blanketi. Ngumu zote, isipokuwa mbili.
Hizo Nyevu alizinywa asubuhi, kwa kikombe,
akamtemea baba yake shati la kazini.

Lakini kabla ya asubuhi kulikuwa na saa tisa.
Nikashika pampu, vidole vinanata ukwaju,
sikutunga kitu, sikuhesabu kitu,
nilikuwa nacheka peke yangu gizani
nikimkumbuka yule mwanamke na mchi wake.
Nilipokumbuka chupa ilikuwa nzito mkononi.

Ngapi? Sisemi.
Karani mwenye adabu hasomi mizani
lori likiwa bado linatikisika.