Mikono Si Yake

Umelala chali mezani pangu, Ottilie,
mwenye miaka kumi na sita, na mia na sabini juu yake,
chini ya taa ya karakana, hapa Schwerin.
Nje theluji. Ndani mimi, kijiti, pamba,
na mate yangu mwenyewe.
Ndiyo, mate. Hakuna dawa iyapitayo
kwa kung'oa masizi ya mishumaa
na pumzi za wageni wa karne nzima.

Nilianza na paji la uso.
Vanishi ilikuwa na rangi ya chai iliyolala;
nikaifuta, ukatoka mweupe, umekereka kidogo,
kama mtu aliyeamshwa kabla ya jogoo.
Lulu nane shingoni. Ya tisa Bwana Tiedke aliisahau,
au alilipwa nusu.
Lakini hariri! Hapo alijua kazi:
ukitega sikio utaisikia ikichakarika.

Daftari la jumba linasema uliketi mara mbili tu,
saa moja na nusu, ukipiga miayo.
Picha itangulie, wewe ufuate,
kwa kuwa mwana wa mfalme wa ng'ambo
hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.
Siku kumi na moja zilizobaki
gauni lilivaliwa na nani?

Jumatano nikafika mikononi.
Weupe wake ulikuwa mzito, wa brashi nyingine,
chokaa juu ya ukuta wenye nyufa.
Nikaomba ruhusa. Ikaja barua ya mistari miwili.
Nikakwangua kwa kisu cha daktari, punje kwa punje,

na chini yake, wekundu.
Vifundo vimevimba kwa baridi.
Ngozi imechanika pale kidole kinapojikunja.
Kucha zimeliwa na magadi.

Nikarudi kwenye daftari, ukurasa wa mishumaa:
*Geske wa kufulia. Kusimama, siku 11. Mkate na bia.*

Tiedke alichora alichokiona.
Wakubwa nao wakaona alichochora, lakini wakiwa wamechelewa:
balozi alikwisha kupiga goti mbele ya turubai
na kuubusu mkono wa kulia, watu wakashangilia.
Mkono usioweza kuukata, ubusu, wahenga walisema.
Yeye aliubusu uliofua shuka zake.

Wewe ulijua, Ottilie?
Nakutazama pembe ya mdomo.
Kuna kitu pale. Huenda ni kicheko,
huenda ni ufa wa rangi tu; nimeshadanganyika mara nyingi.

Leo mkurugenzi kashuka, kainama, kakuna kidevu.
"Wageni watauliza," akasema.
Waulize.

Mkono wa kushoto bado sijaugusa.
Vidole vyangu vimepasuka kwa spiriti na baridi hii,
na mate yamenikauka.
Ngoja ninywe maji,
nirudi.