Paja la Nne

Sauti imeingia simuni baada ya alfajiri,
buchari ya Guraya bado nusu mlango:
mtu wa Sharura, Yeslam jina lake, ana kikohozi,
atuita binamu, auliza sisi ni fakhidha gani.
Wazee wa pande mbili wafungua daftari jipya,
maana mpaka ulilipitia kabila katikati
kama kamba ya kuanika nguo,
na wengine wakaanikwa huku, wengine kule.

Baba akaweka kisu.
Akavuta gazeti la kufungia nyama,
akatafuta ukurasa usio na damu.
"Kabila ni mwili," yuwasema, na kalamu ya risasi yakwaruza.
"Hiki kichwa, Dhuheir. Matumbo ni mawili:
la bondeni, wenye mitende;
la mchangani, wenye ngamia na maneno mengi.
Kila tumbo na mapaja yake.
Fakhidha ni paja, mwanangu.
Paja lina nyumba, nyumba ina watoto,
na watoto hugombana."

Nikacheka. Miaka thelathini namuona akipasua mbuzi
kwa mpango uo huo,
kumbe alikuwa akidurusu nasaba.

"Sisi paja la nne. Waliouza kisima
kulipa deni la ngamia jike.
Mapaja matatu yakaapa kutowaoza.
Ndipo babu yako Karama akashuka pwani,
akapanda chombo bila kuaga."

Akachora mstari: Karama.
Chini yake, moja kwa moja: Salmin. Ndiye yeye.

"Na hapa katikati?"
"Hapa hapana kitu."
"Hapa pana bibi Mbodze wa Mazeras,
aliyeuza kuku kumi na saba
mpate kisu hicho ulichokiweka."
"Shajara haiandiki wanawake."
"Basi hayo matumbo, baba,
ni ya nani?"

Hakujibu.
Akakinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

Kwa wajomba zake, kule Mazeras,
nakumbuka hawakutuuliza paja wala kichwa.
Waliuliza kama tumekula,
kisha wakatuuliza deni la mahari, limebaki mbuzi wangapi,
na baba akatazama viatu vyake.

Mteja wa kwanza kaingia, mama wa Makadara, ana haraka:
"Nipimie paja, kilo na nusu, usinitilie mifupa."
Baba akapima, akaongeza kipande,
akafunga kwa gazeti lililokuwa karibu.

Dhuheir wote wakenda zao mkobani,
bonde na mchanga, kichwa chini,
wakilowana pamoja.

Simu yalia tena. Yeslam, na kikohozi chake.
"Mwambie," baba kasema,
"bado twahesabu."