Kigimbi, Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku kigimbi kinakunja ngumi.
Utadhani ndani ya mguu kuna hamali
afungaye mzigo, goti lake juu ya kamba.
Naruka, nakanyaga sakafu ya baridi,
naita Zenon, aliyefariki mwaka ule wa theluji nyingi,
kisha najicheka: marehemu haamshwi kwa kigimbi.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama kiwandani hapa Łódź
nikiunga nyuzi zilizokatika.
Mguu haukulalamika hata siku moja.
Ulikuwa ukingoja pensheni, kama sisi sote.

Halszka wa ghorofa ya tatu ana jibu: magnesi!
Kope ikicheza, magnesi. Mume akinuna, magnesi.
Anayasema haya juu ya kikombe cha nne cha kahawa,
na kahawa, asema, ndiyo mwizi wake.

Basi nikavaa koti, nikaenda duka la dawa.
Rafu nzima! Vikasha vya buluu, vya zambarau,
kimoja kina mwanamke akimbiaye ufukweni,
kingine moyo unaotabasamu.
Bei nazo zilikuwa zikitabasamu.

Kinga, mfamasia, umri wake mdogo kuliko koti langu,
akakigeuza kikasha, akanionyesha mgongo.
"Usisome uso, mama. Soma hapa, kwenye herufi za sisimizi.
Hii oksaidi: nyingi kwa hesabu, haba kwa kufyonzwa,
inayobaki itakukimbiza chooni.
Hii sitrati, huingia mwilini kwa adabu kidogo.
Na hizi miligramu mia tano ni uzito wa chumvi nzima.
Magnesi yenyewe iko chini. Ona: themanini."

Nikakumbuka marobota ya pamba,
yalivyopimwa pamoja na magunia yake.

Akasema kalsiamu hukaza msuli, magnesi huulegeza;
akasema zaidi ya nusu yake hukaa mifupani,
damu hubeba chembe tu,
hivyo damu yaweza kuapa kuwa nyumba imejaa
huku mifupa ikikopesha kimyakimya.

Nami nikamwaza baba mkwe, Alojzy, mpiga picha za harusi.
Unga wa magnesi kwenye kisahani, kiberiti, pwaa!
Mwanga mweupe, moshi, shangazi akipiga chafya.
Picha ya wazazi wangu ingali ukutani:
watu kumi na wanane, macho wamefumba wote,
aliyefumbua ni mbwa.
Kitu kilekile, leo, eti kinilaze usingizi.

Pochi nilikwisha kuifungua.
Akauliza, kama aulizaye kama nje kuna mvua:
"Na figo zako je?"

Figo.
Kuna karatasi kwenye droo ya jikoni,
chini ya betri zilizokwisha na vifungo vya makoti ya Zenon.
Daktari alizungushia namba moja duara jekundu,
nami nikafunga droo.

Akarudisha sitrati rafuni, polepole.
"Figo zikichoka, magnesi haipati pa kutokea.
Hujaa, hujaa, mpaka moyo wenyewe usahau mapigo.
Mwone daktari kwanza. Na hiyo karatasi uende nayo."
Maishani mwangu, mwenye duka wa kwanza
kuzikataa pesa zangu.

Jioni nimepika ile nafaka ya kahawia ya mama,
ile tunayoiita kasha.
Haina picha ya mkimbiaji. Ina harufu ya moshi na udongo,
na mama hakujua kilichofungiwa ndani yake,
alijua tu kwamba tulilala.

Saa tisa tena. Ngumi ileile.
Navuta vidole vya mguu kuelekea goti, alivyonifunza Kinga,
nahesabu gizani hadi ishirini na sita.
Ukutani watu kumi na wanane wamelala.
Mbwa ananitazama.
Karatasi iko mfukoni mwa koti,
na koti liko mlangoni, na Jumanne ni kesho.