Usiku Mmoja, Ghorofa ya Tatu

Mwezi wa tano bahari ya Malindi si ya kupigwa picha.
Sabaki imeteremsha udongo wa bara,
maji yamekuwa chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani,
na wageni wamekwenda kutafuta buluu kwingine.
Ndipo bei iliposhuka,
ndipo nilipoweza kuitamka bila kukohoa.

Msichana wa mapokezi alitazama viatu vyangu kwanza,
kisha kitambulisho, kisha Mbeyu,
kisha ule mfuko wa nailoni unaonuka ng'onda.
"Usiku mmoja tu?"
Mmoja.
Akatusomea masharti: kelele mwisho saa nne,
wageni hawapandi, nguo hazianikwi roshani.
Nikaitikia yote, kama bwana harusi mwenye haraka.

Mbeyu aliingia kwa ncha za vidole.
Akafungua droo, akahesabu vijiko, akaifunga,
asije akaambiwa kimoja kimepotea.
Akakaa ukingoni mwa kitanda
kama aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.
"Mbona kimya hivi? Watu wako wapi?"
Nikamwambia kimya nacho kimo kwenye bei.

Sikumwambia mengine.
Kwamba sakafu hii naijua kwa magoti.
Kwamba hapo alipovulia ndara
nilikula mihogo ya kuchemsha miezi saba,
dirisha likiwa bado tundu tu,
mivinje ikininyunyizia sindano zake kwenye saruji mbichi.
Kwamba mkandarasi, aliyetuita sote "kijana",
hata mzee Ngumbao mwenye wajukuu,
aliondoka na siku zangu kumi na mbili,
na simu yake hadi leo inalia, haipokelewi.
Kumi na mbili.
Nimezipiga hesabu mara nyingi:
ndiyo bei ya usiku huu, pungufu ya shilingi mia mbili.

Alilala. Mbeyu, anayemtangulia jogoo wa jirani
ili awahi foleni ya maji,
alilala ngumi moja shavuni,
na feni ikampepea bila kuchoka, bila kudai.

Mimi nikashuka sakafuni.
Nikagonga kwa kifundo cha kidole, polepole,
maana saa nne ilikwisha pita.
Kigae kilichoshika hujibu kwa mkato: ko.
Kisichoshika huvuma kama mtungi.
Sebule yote, ko. Ushoroba, ko, ko.
Nikajivuna gizani, peke yangu, kwa suruali ya kulalia.
Nikafika bafuni, chini ya dirisha, safu ya pili,
nikakumbuka.
Ilikuwa Ijumaa. Saruji tulikuwa tunaikwangua ndooni.
Weka tu, akasema. Nani atajua?

Asubuhi Mbeyu alikaanga ng'onda, madirisha wazi yote,
akaisugua sufuria yao ikang'aa kuliko tulivyoikuta.
Akasimama roshani na kikombe,
akaitazama ile bahari ya udongo muda mrefu.
"Kumbe hata wao huiona hivi hivi," akasema.

Chini tukapewa fomu. Mmeridhika? Kuna kasoro?
Nikaandika kwa herufi kubwa:
KIGAE KIMOJA BAFUNI, CHINI YA DIRISHA, KINA UWAZI.
Msichana akasoma, akacheka kidogo.
"Umejuaje?"
Nikafungua mdomo. Mbeyu akanitangulia,
mfuko wake mtupu umekunjwa kwapani:
"Huyo," akasema, "halali ugenini."