Mstari wa Kumi na Nne

Nilikwenda Tononoka kufuata cheti, niseme kweli,
cheti na nauli ya siku tano,
likizo ya Agosti, jasho likishuka hadi kwenye soksi.
Miaka ishirini na miwili nashika chaki Changamwe:
wangenifunza nini kuhusu jana
ambacho sijakifuta ubaoni mara mia?

Bi Zuhura Mwinyikai hakutoa hotuba.
Aligawa karatasi, nakala ya nakala,
wino umefifia kama chai iliyoongezwa maji.
Daftari la nyumba moja ya Mji wa Kale,
mali ya marehemu, ikihesabiwa kwa warithi.
"Someni polepole," akasema, "kama msomavyo barua ya posa."

Milango miwili ya msaji.
Sinia saba za shaba, moja ina tundu.
Saa ya ukutani, haitembei.
Punda jike, jina lake Johari.
Na mstari wa kumi na nne:
mpishi, mwanamke, mmoja.

Mmoja.
Punda ana jina.

Ukumbi ukanyamaza, pangaboi likalalama peke yake.
Mwalimu Mbodze wa Mtongwe
akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.
Athman Bwanaheri, aliyekuwa tangu asubuhi
akiyatania mahamri kwa ugumu wake,
akasema kwa sauti ndogo:
"Huyu marehemu ni wa upande wa babu yangu."
Hakuna aliyemnyooshea kidole.
Bi Zuhura akavuta kiti, akaketi karibu naye,
ndipo akatuuliza: nani kaandika?
Kamwandikia nani?
Nani alikuwemo chumbani, kalamu isimwone?

Tukaanza kumtafuta.
Sinia saba: basi alipikia wengi.
Moja ina tundu: basi alijua ipi isiende kwa wageni.
Mimi nikaongeza kwamba alikuwa na mtoto, na mtoto alilia,
Bi Zuhura akanizuia kwa kiganja:
"Usimzulie. Penye pengo, chora pengo."
Nikaliandika hilo pambizoni, nikalipigia mistari miwili,
maana mimi ni fundi wa kuziba mapengo
kwa gundi ya "inasemekana".

Usiku sikulala. Si joto, wala si mbu.
Alinijia Ngumbao, kidato cha pili, dawati la nyuma,
shati limekosa kifungo.
Nilikuwa nafundisha Ngome: nani aliijenga, nani aliiteka,
nani aliiteka tena,
miaka nimeipanga ubaoni kama miche ya sabuni dukani.
Akanyoosha mkono.
"Mwalimu, na yale mawe, nani aliyabeba?"
Ulimi hauna mfupa. Nikamjibu:
"Haimo kwenye mtihani. Keti."
Akaketi.
Muhula mzima hakuuliza tena.

Ijumaa nikapewa cheti, jina langu limepungua herufi.
Nikafungua mdomo nilalamike,
nikamkumbuka wa kumi na nne,
nikashukuru kwa herufi nilizopata.

Jumamosi, Kongowea, upande wa viazi,
kijana aliyekuwa akishusha magunia kwenye lori
alinitambua kabla sijamtambua.
"Mwalimu! Bado wachapa?"
Ngumbao. Shingo imejaa, sauti imekomaa.
Nikatoa karatasi palepale, kati ya vitunguu na matope.
Nikamwambia lile swali lako lilikuwa zuri,
jibu langu ndilo lililokuwa bovu.
Akatua gunia. Akasoma, midomo ikichezacheza,
akafika kwa punda akacheka,
akafika mstari unaofuata, kicheko kikamkauka.
"Na mawe?" akauliza.
"Bado sijui. Muhula ukifunguliwa tutaanza kutafuta."
"Basi mkipata mniambie," akasema, "mimi niko hapa hapa,"
akanirudishia karatasi, akainama chini ya gunia.

Dole gumba lake limebaki kwenye karatasi,
udongo mwekundu wa viazi,
karibu na neno *mmoja*.
Sikulifuta.
Hiyo ndiyo nakala ninayowatolea wanafunzi,
na wakiuliza alama hii ni ya nani
nawatajia jina lote, taratibu, waliandike:
Ngumbao wa Charo wa Mwambire.